Kadi na Nguo: Katanga na Swali la Kuingia ao Kutoingia Chama

Kule Ulaya na Marekani kuna vyama vya taifa vya watu wanaopenda kukaa uchi. Si kundi la wahuni. Ni vyama vyenye ofisi, prezida, sekretere, mtunza sanduku, mkutano mkuu na kadi ya memba. Kila mwaka memba analipa mchango. Na mtu anayefikiria kuingia anajiuliza maswali yale yale ambayo kila mtu wa Lubumbashi anayajua: Nitafaidika nini? Jina langu litaandikwa wapi? Jamaa watasema nini? Na siku nikichoka, nitatoka namna gani?

Katika komini Annexe habari kama hiyo inaanza kwa kicheko. Mama aliyekimbia vita na kikwembe kimoja kiunoni hawezi kuelewa mtu anayelipa feza ili apate ruhusa ya kuvua. Kwa watu wengi hapa kukosa nguo si mapumziko, ni umaskini, ao ni wazimu, ao ni msiba.

Lakini kicheko kikiisha, swali linabaki. Nani anaamua mtu avae nini? Nani anaamua mtu awe memba wa chama gani? Katika Katanga maswali haya mawili yalitembea pamoja kwa zaidi ya miaka 100. Kadi na nguo zilikuja kwa njia moja, na mara nyingi aliyegawa kadi ndiye aliyegawa pia amri ya mavazi. Ndiyo sababu historia hii inafaa kujulikana na vijana, na hasa na familia zilizofika mjini juzi na ambazo kila juma zinaombwa kujiandikisha mahali fulani.

Mwaka 1891: wazungu wanavua, Katanga inavikwa

Chama cha kwanza cha kukaa uchi kinachojulikana katika historia ya siku hizi hakikuzaliwa Ulaya. Kilizaliwa India, katika mji wa Thane karibu na Bombay, mwaka 1891, wakati Waingereza walipotawala kule. Mwanzilishi alikuwa jaji wa serikali ya kikoloni, Charles Edward Gordon Crawford. Chama kilikuwa na memba 3 tu: yeye mwenyewe na ndugu 2, watoto wa mmisionari. Jaji alipohamishwa kazi mwaka uliofuata, chama kikafa.

Angalia mwaka ule. Desemba 1891, tarehe 20, huko Bunkeya, mfalme Msiri aliuawa na watu wa msafara wa kapiteni William Stairs, aliyetumwa na Leopold wa Pili. Omer Bodson, ofisa Mbelgiji aliyempiga Msiri risasi, naye alikufa katika mapigano yale. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, mtumishi wa ukoloni upande mmoja alikuwa akitafuta nafasi ya siri ili avue nguo zake, na watumishi wa ukoloni upande mwingine walikuwa wakija kuwaambia watu wa Katanga kwamba hawajui kuvaa.

Haikuwa kweli kwamba watu hawakujua kuvaa. Kabla ya wazungu watu wa nchi hii walisuka rafia, walipiga maganda ya miti mpaka yakawa kitambaa, na walivaa ngozi. Msiri mwenyewe alikuwa mtu wa asili ya Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, na ufalme wake wa Garenganze ulikuwa katikati ya njia za biashara. Shaba na pembe za tembo zilitoka; bunduki, baruti, ushanga na vitambaa viliingia. Kitambaa cheupe cha pamba kilichotoka Amerika, watu wa pwani walikiita merikani. Kwa merikani mtu alilipa njia, alilipa mahari, alizika mzazi wake. Kitambaa kilikuwa feza sawa vile misalaba midogo ya shaba ilivyokuwa feza.

Kwa hiyo nguo ilikuwa na maana kubwa tangu zamani. Jambo jipya lililokuja na ukoloni lilikuwa hili: nguo ikageuka kipimo cha kusema nani ni mtu kamili na nani bado. Na kipimo kile kikatafutiwa karatasi.

Mji unaanza: unifomu ya Mbeni

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka upande wa Rhodesia ilifika mwaka 1910, na mji wa Élisabethville ukaanza mwaka ule ule. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ilimiminwa. Wafanyakazi walitoka mbali: Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini, na sehemu zote za Katanga. Wengi walifika bila ndugu, bila mzee wa kuwaongoza, na bila mtu wa kuwazika kama wakifa.

Hapo vyama vikazaliwa. Kimojawapo kilikuwa ngoma ya Mbeni, mtoto wa ngoma ya beni iliyoanza kwenye pwani ya Waswahili, upande wa Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo vita vya kwanza vya dunia viliitawanya mpaka kwenye migodi. Memba wa Mbeni walicheza kwa mstari kama askari. Walikuwa na vyeo: mfalme, jenerali, daktari. Walivaa safi, unifomu na kofia, viatu vimepakwa rangi. Wazungu wengine walicheka wakisema weusi wanaiga. Lakini chini ya ngoma kulikuwa na sanduku la mchango. Memba akiugua alisaidiwa, akifa alizikwa kwa heshima.

Mtu aliyetoka kijijini na kufika mjini bila kitu alikuwa na sababu ya kweli ya kuingia Mbeni. Alichagua mwenyewe. Alinunua unifomu yake mwenyewe. Serikali ya Wabelgiji haikupenda mambo hayo, juu kila chama ambacho haikuunda yenyewe kilikuwa kwake mwanzo wa fujo. Hofu hiyo ilikuwa na majibu yake: Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma wakidai mshahara, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Tarehe 9 ya mwezi ule watu wengi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake.

Kadi ya mwaka 1948: kuomba uitwe mtu

Baada ya vita vya pili vya dunia kulikuwa na watu weusi wengi waliosoma: makarani, walimu, wauguzi, wasaidizi wa mapadri. Waliitwa évolués. Walivaa suti na karavati, walisoma magazeti, na waliuliza: kama sisi tunaishi kama wazungu, kwa nini tunatendewa kama watoto?

Jibu la Ubelgiji lilikuwa kadi. Mwaka 1948 ilitolewa kadi ya mastahili ya kiraia, carte du mérite civique. Mwaka 1952, kwa dekreti ya tarehe 17 Mei, ikaja ya pili, kubwa zaidi, immatriculation, ambayo ilimsogeza mwenye kuipata karibu na sheria za wazungu.

Hapa swali la kuingia ao kutoingia likawa zito kabisa. Kadi haikugawiwa tu. Mtu aliomba. Kisha watu wa serikali walikuja nyumbani. Waliangalia vyumba, vitanda, jikoni. Waliangalia kama familia inakula mezani kwa uma na kisu, kama bibi anakaa mezani pamoja na bwana, kama watoto wanavaa safi. Waliuliza juu ya deni, juu ya pombe, juu ya bibi wa pili. Mtu alivaa suti yake bora siku ile, lakini kwa kweli alivuliwa nguo mbele ya watoto wake. Hakubaki na siri.

Wengine waliomba, juu kadi ilileta faida fulani, na juu walitaka kuthibitisha kwamba mtu mweusi anaweza. Patrice Lumumba mwenyewe, alipokuwa karani wa posta Stanleyville, aliomba immatriculation, akakataliwa mara ya kwanza, akaipata mwaka 1954. Wengine walikataa kuomba. Walisema mtu haombi cheti cha kuwa mtu. Hesabu ilionyesha upande gani ulikuwa na watu wengi: mpaka mwisho wa miaka ya 1950, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 13, kadi za mastahili ya kiraia hazikufika 2,000, na immatriculation zilikuwa mia 2 na kidogo tu.

Kuna jambo lingine la mwaka 1948 ambalo watu wengi hawalijui. Tarehe 10 Desemba mwaka ule, huko Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu. Kipengele cha 20 kina sehemu 2. Ya kwanza inasema kila mtu ana haki ya kukutana na wengine na kuunda chama kwa amani. Ya pili ni fupi, na inasema hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kuwa memba wa chama. Ubelgiji ilipiga kura ya ndiyo. Lakini Katanga ilingoja muda mrefu kuonja sehemu ile ya pili.

Vyama vya damu

Desemba 1957 watu wa Élisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wakubwa wa komini. Burugumesta weusi wengi waliochaguliwa walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga. Mwezi Oktoba 1958 vyama vya watu walioitwa wenyeji wa Katanga viliungana na kuunda Conakat. Prezida wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri. Baadaye Moïse Tshombe akashika. Balubakat ya Jason Sendwe ilikuwa pamoja nao kwanza, kisha ikatoka Novemba 1959. Watu wa Kasai walikuwa na shirikisho lao.

Tofauti na Mbeni ni kubwa. Katika Mbeni, mtu aliingia juu alitaka kucheza na kusaidiwa. Katika vyama vipya, mtu alihesabiwa kuwa ndani kabla hajaulizwa. Jina la baba lilikuwa kadi. Mtu aliyezaliwa Élisabethville, aliyesoma Élisabethville, asiyejua hata njia ya kwenda kijijini kwa babu yake, aliambiwa chama chake ni kipi na adui wake ni nani.

Mwaka 1960, tarehe 11 Julai, Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi peke yake. Mwaka 1961, kuanzia mwisho wa Agosti, Waluba waliokimbia mitaa walijaa kwenye kambi pembeni ya mji, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Walifika makumi ya maelfu. Watu wa kila kazi walikuwa mle: karani mwenye suti, fundi, mchuuzi wa mboga. Kambini karavati haikumsaidia mtu, na kadi ya mastahili haikumsaidia mtu. Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa uliwasafirisha wengi kwenda Kasai na Katanga ya Kaskazini. Mwezi Januari 1963 utengano ukaisha. Wazee wachache wanaokumbuka kambi ile bado wako, na wakiona mahema ya wakimbizi wa ndani wa leo hawahitaji kuelezwa.

Chama ambacho hukuulizwa

Mobutu alishika madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1967 aliunda chama chake, Mouvement Populaire de la Révolution, MPR, na mwezi Mei wa mwaka ule manifesti ya N'Sele ikatangazwa. Kisha vyama vingine vikafungwa. Nchi iliitwa Zaire kuanzia tarehe 27 Oktoba 1971, na Katanga ikaitwa Shaba. Katiba ya mwaka 1974 ikamaliza kazi: kila Mzaire alikuwa memba wa MPR. Mtoto alizaliwa akiwa memba. Kitendawili cha kuingia ao kutoingia kilikufa. Watu wa Kinshasa walikuwa na msemo wa Kilingala uliosema wazi kwamba utake usitake, uko ndani.

Na nguo zikafuata chama, sawa vile siku zote. Suti na karavati, ambazo évolué alizitumia kuonyesha kwamba ni mtu, ziliitwa sasa alama za utumwa wa akili. Badala yake ilikuja abakosti, koti lisilo na kola ya suti wala karavati. Jina lenyewe linatoka kwa maneno ya Kifaransa à bas le costume, chini na suti. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Walipaswa kuvaa vikwembe. Majina ya kikristo yalikatazwa mwanzoni mwa mwaka 1972, na kardinali Malula aliyepinga akalazimika kuondoka nchini kwa muda.

Haki iseme: hayakuwa yote mabaya. Wengi walifurahi kusikia kwamba kikwembe cha mama kina heshima kuliko gauni la madamu mzungu. Tatizo halikuwa abakosti. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kusema, asante, mimi siichukui. Karani wa Gécamines aliyefika kazini na karavati alikuwa hatarini. Kila asubuhi watu waliimba na kucheza kusifu chama, hata wale ambao mshahara wao ulichelewa.

Zaire haikuwa peke yake. Katika Tanzania, miaka ya 1967 na 1968, serikali ilifanya operesheni ya kuwavisha Wamasai, ikisema mavazi yao ya kienyeji yanaacha mwili wazi na kuaibisha taifa. Mwaka 1968 ule ule Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana zikatazwe. Katika Uganda, Idi Amin alikataza sketi fupi mwaka 1972, na watu wa Karamoja walilazimishwa kuvaa nguo. Kila serikali ilikuwa na sababu yake. Lakini zote ziliamini jambo moja: mwili wa raia ni mali ya taifa, na taifa ndilo linalopima urefu wa kitambaa.

Hata Ulaya mambo yalikuwa hivyo. Ujerumani, ambako vyama vya kukaa uchi vilikuwa vingi kuliko mahali pengine, viligongwa mwaka 1933 Wanazi walipotawala. Vingine vilifungwa, vilivyotaka kuendelea vilipaswa kuingia chini ya umoja uliokubaliwa na utawala ule. Hata wasio na nguo walivikwa chama. Baada ya vita ndipo watu walianza tena kwa hiari. Shirikisho la Ufaransa liliundwa mwaka 1950, na shirikisho la dunia mwaka 1953, huko Montalivet kwenye pwani ya Ufaransa. Kadi yao, kwa miaka mingi, ilikuwa ufunguo wa kambi zao: bila kadi hukuingia. Na ndani kulikuwa na sheria kali kuliko watu wanavyofikiri: usimpige mtu picha bila ruhusa yake, tandika taulo kabla ya kukaa, na mtu mwenye tabia mbaya anafukuzwa.

Mwaka 1992: Nairobi na Likasi

Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza huko N'Sele kwamba chama kimoja kimekwisha. Katika maneno yale yale aligusa nguo: raia wanaweza kuvaa suti na karavati tena, lakini yeye atabaki na abakosti yake. Ni jambo la kustaajabisha: rais alifungua siasa na kola ya shati kwa siku moja. Alijua kwamba ni mlango mmoja. Siku zilizofuata karavati zilionekana kila mahali mjini. Siku 17 baadaye, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi wa Universite ya Lubumbashi walishambuliwa kambini mwao, na damu ikamwagika. Uhuru wa karavati haukuwa bado uhuru.

Mwaka 1992 unaonyesha pande 2 za historia hii. Nairobi, mwisho wa Februari, akina mama wa wafungwa wa siasa walianza mgomo wa kutokula katika uwanja wa Uhuru Park, pamoja na Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa marungu na moshi wa machozi. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya polisi. Kwa desturi za kwao, na za watu wengi wa Afrika, uchi wa mama mbele ya mwanaume wa umri wa mtoto wake ni laana. Hawakuwa na kadi. Hawakuwa memba wa chama cha kukaa uchi. Walichukua kitu cha mwisho ambacho serikali haikuweza kuwanyang'anya, wakakitumia.

Upande wa Katanga, mwezi Agosti wa mwaka ule, Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alichaguliwa na Mkutano wa Taifa kuwa waziri wa kwanza. Katika Shaba, ambako chama cha Uferi kilikuwa na nguvu, watu wa asili ya Kasai walianza kufukuzwa makwao, Likasi, kisha Kolwezi mwaka 1993, na mahali pengine. Walilala kwenye stesheni za reli wakingoja treni, miezi na miezi, na wengi walikufa pale ao njiani. Waliofukuzwa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Hakuna aliyewauliza kama wao wenyewe ni memba wa chama gani. Jina lilitosha.

Hapo ndipo mtu anaelewa uzito wa swali ambalo lilianza na kicheko. Mtu wa Ulaya anayejiuliza kama aingie chama cha kukaa uchi anaweza kusema ndiyo, anaweza kusema hapana, na kesho yake atakwenda sokoni kama kawaida. Hilo la kwenda sokoni kama kawaida ndilo lililokosekana Katanga mara nyingi.

Leo: sheria inasema nini

Je, mtu wa Lubumbashi angeweza kuunda ao kuingia chama kama kile? Sheria ina majibu 2 yanayogongana. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kipengele cha 37, inahakikisha uhuru wa kuunda vyama, na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaeleza namna chama kisicho cha faida kinavyopata hali ya kisheria kwa waziri wa haki. Lakini kitabu cha sheria za makosa, katika kipengele cha 176, kinatoa adhabu kwa mtu anayeumiza adabu mbele ya watu, kifungo cha siku 8 mpaka miaka 3. Kwa hiyo nyumbani kwako ni wewe. Barabarani ni polisi. Hata Afrika Kusini, ambako halmashauri ya wilaya ilikubali mwaka 2014 kuacha sehemu ya pwani ya Mpenjati kwa watu wa kukaa uchi, makanisa na majirani walipinga, na jambo likageuka kesi ndefu.

Hapa Annexe, mtu hatakuja kugonga mlango kuuza kadi ya namna hiyo. Lakini wengine wanagonga. Chama cha watu wa asili moja kinaomba mchango. Chama cha siasa kinagawa tishati na kofia. Kundi la kanisa linaomba akina mama wanunue kikwembe cha unifomu, na tarehe 8 Machi kinatoka kingine. Likelemba inatafuta mtu wa 12. Na familia iliyokimbia Mitwaba, Pweto, Manono ao vita vya mashariki, ambayo haina ndugu kwenye kartie, inaambiwa mara nyingi kwamba bila chama haitapata msaada.

Vyama hivi si vibaya. Mbeni ilizika watu ambao hakuna mwingine angewazika, na likelemba imefungua biashara nyingi ndogo. Lakini historia iliyoelezwa hapa imeacha maswali ambayo kila mtu ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa jina lake. Chama kina karatasi za kisheria? Nani anashika sanduku, na hesabu inasomwa mbele ya nani? Nikishindwa kununua unifomu, nitabaki memba ao nitaaibishwa? Orodha ya majina inakwenda wapi, na nani mwingine anaisoma? Nikitaka kutoka, nitatoka kwa amani? Na la mwisho, ambalo wazee wa 1961 na wa 1992 wangeliweka la kwanza: chama hiki kinanikusanya na watu kwa ajili ya kitu fulani, ao kinanikusanya dhidi ya jirani yangu?

Msaada kwa mkimbizi wa ndani hautegemei kadi ya chama. Haki ya kukaa mahali popote nchini imeandikwa katika kipengele cha 30 cha katiba, na haitaji kabila wala unifomu. Mtu anayesema kwamba jina lako halitaandikwa kwenye liste ya msaada mpaka ununue kadi ao kitambaa, huyo anauza kitu ambacho si chake. Shefu wa kartie na ofisi ya komini wapaswa kujulishwa, na ni vizuri kwenda watu wengi pamoja.

Mwaka 1948 babu aliombwa avae vizuri ili apewe kadi. Mwaka 1974 baba alipewa kadi bila kuomba, na abakosti juu yake. Mjukuu wa leo ndiye wa kwanza katika ukoo anayeweza kuulizwa na kujibu ndiyo ao hapana. Ni haki mpya, haijazoeleka bado, na inaweza kupotea kama haitumiwi.